Chumvi ya Nje na Chumvi ya Ndani: Uso Uliovimba, Mapaja Yenye Vishimo na Mwalo wa Goziba

Kwenye mialo ya Ziwa Victoria, sangara asiyekwenda kiwandani hupasuliwa, akatolewa matumbo na matamvua, mnofu wake ukachanjwa kwa kisu, kisha akalazwa tabaka juu ya tabaka huku chumvi ya mawe ikimwagwa katikati. Haipiti siku kabla maji hayajaanza kuchuruzika chini ya rundo. Baadaye huanikwa juani akageuka kayabo: mgumu, mwepesi, tayari kufungwa kwa safari ya soko la Mwaloni Kirumba jijini Mwanza na kutoka hapo hadi Kongo, ambako walaji humwita makayabu. Goziba, kisiwa cha wilaya ya Muleba kilicho mbali na mwambao wa Kagera, ni miongoni mwa mahali ambapo maisha yamejengwa juu ya samaki, wabichi kwa wakavu. Watu wa mialo hawahitaji darasa ili wajue kwamba chumvi hunyonya maji. Wanaliona jambo hilo kwenye rundo la samaki, na wachakataji wanalihisi kwenye viganja vyao vinavyopasuka na kuwasha kwa kushinda ndani ya maji ya chumvi.

Ndiyo maana wazo la kale bado lina nguvu: kama chumvi inamkausha sangara, basi chumvi ya kwenye mboga nayo itamkausha anayeila, imkunje uso na kumzeesha kabla ya wakati. Siku hizi limekuja wazo la pili, lililoletwa na simu za mkononi na maduka ya vipodozi, kwamba chumvi hujaza maji mwilini, huvimbisha uso, na ndiyo inayoleta vile vishimo vya mapajani na makalioni ambavyo wauza krimu huviita selulaiti. Wazo la kwanza linasema chumvi huondoa maji, la pili linasema huyaongeza, na mtu mmoja anaweza kuyaamini yote mawili kwa siku moja. Hoja ninayotaka kuijenga ni hii: chumvi tunayoila hufanya kazi moja kubwa inayoweza kuonekana kwa macho, nayo ni kubadilisha kiasi cha maji yaliyo nje ya seli. Kwa njia hiyo inaweza kuujaza uso kwa siku kadhaa. Haiwezi kusuka upya mafuta na nyuzi za paja. Anayechanganya mambo haya mawili hupoteza fedha, na kibaya zaidi, huelekeza macho yake kwenye kioo wakati chumvi inamdhuru mahali ambapo kioo hakifiki.

Tuanze na samaki, kwa sababu mfano wake ni mzuri na unapotosha kwa wakati uleule. Katika rundo la kayabo, chumvi iko nje na maji yako ndani ya mnofu. Maji husafiri kwenda upande wenye chumvi nyingi, kwa hiyo yanatoka. Samaki amekufa: hana figo za kufidia wala kiu ya kumrudisha kwenye maji. Chumvi tunayoimeza hupita njia nyingine kabisa. Hufyonzwa na utumbo mwembamba, huingia kwenye damu, na kutoka hapo huenea katika maji yanayozizunguka seli za mwili. Maji huifuata vilevile kama yanavyoifuata mwaloni, ila sasa chumvi yenyewe iko ndani, na maji yanayoifuata hubaki nayo ndani. Kanuni ni moja, mahali pa chumvi ndipo palipobadilika. Kwa hiyo mchakataji anaweza kuwa na viganja vilivyokauka kwa chumvi ya kazini na kope zilizojaa kwa chumvi ya chakula, na hakuna ukinzani wowote. Ngozi kavu kwa mtu anayekunywa maji ya kutosha hutokana zaidi na jua, upepo wa ziwani, sabuni kali, umri na kurithi kuliko kijiko cha chumvi kilichoingia sufuriani.

Kiasi cha maji hayo kinaweza kukadiriwa bila maabara. Dripu ya maji ya chumvi inayotundikwa wodini ina gramu 9 za chumvi katika lita 1, kwa sababu huo ndio ukolezi unaoendana na maji ya mwili. Maana yake ni kwamba kila gramu 9 za chumvi ambazo mwili haujazitoa huhitaji takriban lita moja ya maji ili ukolezi usivurugike, na lita moja ya maji ni kilo moja kwenye mizani. Mtu mzima wa kilo 70 ana takriban lita 14 za maji yaliyo nje ya seli. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, wakati wastani wa dunia unakadiriwa kukaribia gramu 11. Aliyezoea gramu 5 akihamia ghafla gramu 12, figo zake hazitoi ziada yote siku hiyohiyo. Huchukua siku kadhaa kufikia mizani mpya, na katika siku hizo anabeba maji zaidi, pengine kilo moja. Akirudi kwenye chumvi kidogo, maji hayo hutoka kwa mkojo. Hapo ndipo inapotoka sifa ya mlo unaodai kupunguza kilo mbili kwa juma moja. Kilo zimepungua kweli, ila kilichoondoka ni maji, na mafuta yako palepale.

Lita moja iliyosambaa mwili mzima ni kidogo kuonekana, isipokuwa mahali ambapo ngozi ni nyembamba na imelegea. Kope ndizo za kwanza. Mtu akilala, maji yaliyokuwa yameteremkia miguuni mchana hurudi juu, na asubuhi uso hujaa. Akisimama saa chache, hushuka tena na kamba za viatu huanza kubana jioni. Hili ni badiliko la kweli na aliyelala baada ya mlo wenye chumvi nyingi hajidanganyi akiliona. Hata hivyo uso wa asubuhi ni shahidi dhaifu. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, wakati mwezi haujatoka, wakiwavuta samaki kwa taa. Nyuso zao alfajiri zimebeba kukesha, moshi, upepo, na kwa wengine pombe. Mwanamke anayekaribia hedhi huhifadhi maji hata kama hajabadilisha chakula. Aliyelia huamka na kope nzito. Kumhukumu sodiamu kwa ushahidi wa kioo cha asubuhi moja ni kumfunga mtuhumiwa wa kwanza aliyepita njiani.

Kuna jaribio linaloonyesha vizuri jinsi macho yetu yanavyoweza kudanganyika. Mjini Moscow, kati ya mwaka 2009 na 2011, wanaume walifungiwa katika chombo kilichoigiza safari ya sayari ya Mirihi, kwanza kwa siku 105 na baadaye kwa siku 520. Chakula chao kilipimwa, na watafiti walioongozwa na daktari wa Kijerumani Jens Titze walibadilisha chumvi yao kwa vipindi virefu, kutoka gramu 12 hadi 9 hadi 6 kwa siku, huku mkojo wote ukikusanywa. Hata pale chumvi ilipokuwa ileile kila siku, mwili uliihifadhi na kuitoa kwa mawimbi ya siku na majuma, ukifuata homoni zake. Jambo la pili liliwashangaza wengi: katika vipindi vya chumvi nyingi, wanaume wale hawakuongeza maji ya kunywa kwa muda mrefu, bali walipunguza, kwa kuwa figo zilijifunza kuyarudisha maji mwilini huku zikitoa chumvi. Anayesema "kunywa maji mengi uisafishe chumvi" anazungumza kana kwamba figo ni bomba linalosubiri kusukumwa. Mwili una hesabu ndefu kuliko ya jana na leo.

Tafiti nyingine za Titze na wenzake ndizo zinazonipa pingamizi kali zaidi dhidi ya hoja yangu, na sitaki kulipita kwa haraka. Zamani wanafunzi wa udaktari walifundishwa kwamba sodiamu inayobaki mwilini huishi katika maji tu. Kumbe sehemu yake hujificha kwenye ngozi, ikishikamana na molekuli kubwa za sukari zilizo katikati ya nyuzi, bila kuvuta maji kwa kiwango kinachotarajiwa. Mwaka 2009 kundi hilo lilionyesha kwa panya kwamba seli fulani za kinga huhisi chumvi hiyo kwenye ngozi na kutoa ishara inayootesha mishipa ya limfu, mishipa ile inayosafisha maji ya tishu. Baadaye mashine za picha za sumaku zilizotengenezwa kusoma sodiamu zilionyesha kwamba akiba hii ipo kwa binadamu pia, na huongezeka kwa umri na kwa wenye shinikizo la juu la damu. Basi mtu ana haki ya kuuliza: kama chumvi inakaa ndani ya ngozi yenyewe, inaamsha kinga na kubadilisha limfu, kwa nini isiharibu pia sura ya ngozi ya paja?

Swali ni la haki, na kwa ugonjwa mmoja wa ngozi jibu linaelekea kwenye ndiyo. Ugonjwa huo ni pumu ya ngozi. Watafiti wa Ujerumani waliripoti mwaka 2019 kwamba sehemu za ngozi zilizoathirika zina sodiamu nyingi mara kadhaa kuliko ngozi nzima, na kwamba chumvi huzisukuma seli za kinga kuelekea aina ya mzio unaohusika na maradhi hayo. Mwaka 2024 watafiti wa California wakichambua taarifa za Waingereza zaidi ya laki mbili walikuta kwamba kila gramu moja ya ziada ya sodiamu iliyokadiriwa kwenye mkojo wa siku iliendana na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 11, wa kuwa na maradhi hayo. Mkojo ulipimwa mara moja tu, na watu hao wengi ni wa asili ya Ulaya, kwa hiyo siwezi kuichukua asilimia hiyo na kuibandika Kagera. Lakini mwelekeo wake unaeleweka kibiolojia, na mgonjwa mwenye ngozi inayowasha ana sababu nzuri ya kuonja chumvi kwa kiasi. Pumu ya ngozi ni shughuli ya kinga. Vishimo vya paja ni shughuli ya ujenzi, na hapa ndipo njia zinapoachana.

Ngozi ya paja la mwanamke imeshonwa na misuli iliyo chini yake kwa nyuzi za kolajeni. Kati ya nyuzi hizo kuna vyumba vya mafuta. Mwaka 1978 madaktari wa Kijerumani Nürnberger na Müller walilinganisha ngozi za wanawake na wanaume na kueleza tofauti ambayo hadi leo ndiyo msingi wa mjadala: kwa wanawake nyuzi nyingi husimama wima, kwa wanaume hukatana kwa mshazari kama wavu. Mafuta yakisukuma juu kati ya nyuzi za wima, ngozi huinuka pale yalipo na kubaki imevutwa chini pale uzi ulipofungwa. Fikiria godoro lililoshonwa kwa vifungo. Wanaume wenye upungufu wa homoni za kiume wanaweza kupata vishimo vilevile, na wanawake wembamba, wenye kula chumvi kidogo, wanavyo. Makadirio ya kawaida ni kwamba asilimia 80 hadi 90 ya wanawake waliokwisha kubalehe wana vishimo hivi kwa kiwango fulani. Hali iliyoenea hivyo ni umbile la kawaida la mwili wa mwanamke, na anayeiita ugonjwa anapaswa kueleza afya ni ipi.

Sasa weka lita yetu moja ya maji juu ya picha hiyo. Tishu ya mafuta ina maji machache kuliko msuli, na paja halina ulegevu wa kope. Maji ya ziada yanaweza kuongeza ukakamavu kidogo na kubadilisha jinsi kivuli kinavyolala juu ya ngozi chini ya taa ya upande mmoja, na ndiyo maana picha za "kabla na baada" hupigwa kwa taa tofauti. Hayaongezi uzi hata mmoja wala hayaukati. Ushahidi wa upande wa tiba unaelekea hukohuko. Njia zilizopata matokeo ya kupimika ni zile zinazoshughulikia nyuzi: kuzikata kwa sindano maalumu chini ya ngozi, au kuziyeyusha kwa kimeng'enya. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha sindano ya kimeng'enya kama hicho mwaka 2020 kwa ajili ya makalio, na mwishoni mwa 2022 mtengenezaji akatangaza kuiacha kwa sababu ya michubuko na hatari ya rangi ya ngozi kubadilika kwa muda mrefu. Mtu mwenye ngozi nyeusi, ambayo huacha baka kila inapojeruhiwa, aliepushwa na mengi. Kama kupunguza chumvi kungetosha, hakuna ambaye angehitaji kukatwa nyuzi.

Watajitokeza watakaosema wameona kwa macho yao: mwanamitindo alipunguza chumvi siku nne kabla ya picha, na mapaja yakawa laini, mtunisha misuli huacha chumvi kabla ya kupanda jukwaani. Siwakatalii. Wameona badiliko la maji, nalo hudumu kadiri ya maji, siku chache hadi mlo wa kawaida utakaporudi. Wengine watataja kusugua mapaja kwa chumvi. Kusugua huondoa seli zilizokufa, huleta damu juu na kuvimbisha ngozi kidogo, hivyo kwa saa chache mashimo hujaa. Hiyo ni chumvi ya nje tena, ya mwaloni, ikifanya kazi ya mchanga. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la limfu: mishipa ya limfu ikishindwa, miguu huvimba na ngozi hubadilika kabisa, kama wanavyojua watu wa pwani yetu kutokana na matende. Lakini matende yanatokana na minyoo inayoharibu mishipa kwa miaka, na kati ya mshipa ulioharibika na mshipa unaofanya kazi ya ziada baada ya chakula cha chumvi kuna umbali mkubwa ambao wauzaji wa krimu huuruka kwa neno moja, "sumu".

Neno lenyewe selulaiti lina historia inayofaa kujulikana. Lilianza katika lugha ya kitabibu ya Kifaransa katika karne ya 19 likiwa na maana nyingine, likahamia kwenye magazeti ya urembo ya Ufaransa kati ya vita kuu mbili, na likavuka kwenda Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960. Kiswahili hakikuwa na neno la hali hii. Kina michirizi, kina chunusi, kina mba, kina ukurutu, kina maneno mengi ya maradhi na mabaka ya ngozi, lakini mashimo ya paja la mwanamke mzima hayakuonekana kuwa jambo la kupewa jina, kwa sababu hakuna aliyeyahesabu kuwa kasoro. Sidharau anayetaka kupendeza. Kujipamba ni heshima kwetu tangu zamani. Kinachonisikitisha ni kuona wasiwasi ulionunuliwa mbali ukipewa tiba ya uongo jikoni, wakati jikoni mna jambo la kweli la kushughulikia.

Jambo hilo ni shinikizo la damu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba takriban robo ya Watanzania wa umri wa miaka 25 hadi 64 wana shinikizo la juu. Kwa ukanda wa ziwa tuna ushahidi wa karibu zaidi na mzuri kupita wa nchi za mbali. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwafuata Waluo waliohama kutoka vijiji vya magharibi mwa Kenya, kwenye ukanda wa ziwa hilihili, kwenda Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Ndani ya miezi michache tu ya maisha ya mjini shinikizo la wahamiaji lilikuwa juu zaidi, na uzito wao pia. Mkojo wao ulionyesha sodiamu nyingi zaidi na potasiamu ndogo zaidi. Kwa watu wa damu moja waliotofautishwa na basi la safari, kigezo cha kurithi kinapungua nguvu na cha chakula kinapanda. Hakuna aliyehitaji kuangalia mapaja yao ili kuona madhara. Mashine ya kupimia mkononi ilitosha.

Hesabu ya chumvi visiwani ina sehemu zinazosahaulika. Dagaa wa Ziwa Victoria kwa kawaida huanikwa bila chumvi, kwa hiyo mlaji wa dagaa ana uhuru wa kuamua mwenyewe jikoni. Kayabo ni habari nyingine: chumvi yake inaweza kuzidi asilimia 10 ya uzito, kiasi kwamba gramu 100 zilizopikwa bila kulowekwa zinapita kiwango cha siku mbili. Wapishi wanajua dawa yake, kuloweka usiku, kumwaga maji na kuloweka tena, na kazi hiyo ya bibi zetu ina thamani kuliko krimu yoyote ninayoifahamu. Halafu kuna magadi ya kulainishia maharage. Watu hawayahesabu kama chumvi kwa sababu hayana ladha yake, lakini magadi ni kampaundi ya sodiamu, na karibu asilimia 30 ya uzito wake ni sodiamu tupu. Kijiko cha magadi katika sufuria ya familia ni kijiko kilichofichwa. Vipande vya kiungo cha mchuzi vinavyouzwa dukani, navyo, sehemu kubwa ya uzito wake huwa ni chumvi.

Upande wa pili wa mizani, chakula cha Kagera kina utajiri ambao mashauri ya urembo huupuuza. Ndizi za kupika na maharage, mlo wa Mhaya kwa vizazi, zina potasiamu nyingi, na potasiamu huzisaidia figo kutoa sodiamu na kuilegeza mishipa. Hata chumvi ya majivu iliyochujwa kutoka mimea, iliyotumiwa sehemu nyingi za Maziwa Makuu pale ambapo chumvi ya Uvinza au Katwe ilikuwa ghali, ilikuwa na potasiamu nyingi kuliko sodiamu. Wazee wale hawakuwa na kipimo cha mkojo, ila uwiano wao ulikuwa mzuri. Mtu anayehama kutoka kwenye sahani ya ndizi na maharage kwenda kwenye ugali mweupe na kayabo isiyolowekwa amebadilisha pande zote mbili za mizani kwa mara moja, sodiamu juu na potasiamu chini, kama wale wahamiaji wa Nairobi.

Hapa naogopa kosa la upande mwingine. Msomaji anayeogopa vishimo vya paja anaweza kuamua kuacha chumvi kabisa. Tanzania ililazimisha chumvi ya mezani iwekwe madini joto tangu miaka ya 1990, baada ya miaka mingi ya rovu na watoto waliozaliwa na upungufu wa akili katika mikoa ya mbali na bahari. Samaki wa maji baridi wana madini joto kidogo sana ukilinganisha na wa baharini, kwa hiyo kula samaki kila siku Goziba si kinga kama ilivyo kwa mtu wa Mafia. Tezi ya shingo ikikosa madini joto ikalegea, moja ya dalili zake ni uso uliojaa, kope nzito na ngozi kavu, yaani sura ileile ambayo mtu alikuwa akiikimbia. Na chumvi ya mawe inayonunuliwa kwa magunia kwa kazi ya samaki inaweza isiwe na madini hayo. Ikihama mwaloni ikaingia jikoni, familia hupata sodiamu yote bila faida yake. Chumvi kidogo, yenye madini joto, iliyohifadhiwa kwenye chombo kilichofunikwa ili isipoteze nguvu, ndiyo shabaha.

Lipo pia suala la uvimbe ambao chakula hakikuuleta. Krimu za mkorogo zenye steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba, huleta michirizi, na zikitumika sana huvimbisha uso. Anayezitumia akaacha chumvi hataona nafuu. Kichocho cha tumbo, kilichoota mizizi katika visiwa vya ziwa, kinaweza kuharibu ini kwa miaka hadi tumbo likajaa maji. Mtoto mwenye utapiamlo wa kwashakoo huvimba miguu na uso akionekana mnene kwa asiyejua. Mjamzito ambaye uso na mikono vimevimba ghafla, kichwa kikiuma na macho yakiona ukungu, anaweza kuwa anaelekea kwenye kifafa cha mimba, ambacho huua mama na mtoto. Figo zinazovujisha protini huanza kwa kope za asubuhi, zilezile zinazosingiziwa mboga ya jana.

Kwa mtu wa Bukoba mjini, kuchanganya mambo haya ni kuchelewa siku moja. Kwa mtu wa Goziba, ambaye hospitali yake iko ng'ambo ya maji na boti hungoja upepo utulie, kuambiwa "punguza chumvi tu, utakaa sawa" kunaweza kumgharimu juma zima. Alama za kutofautisha ni rahisi kujifunza. Uvimbe wa uso unaoletwa na chumvi hupungua kadiri mchana unavyokwenda na huisha ndani ya siku chache za chakula cha kawaida. Ukibonyeza dole gumba juu ya mfupa wa muundi kwa sekunde kadhaa na shimo likabaki, au uvimbe ukapanda kila siku, au pumzi ikawa fupi ukilala chali, safari ya ng'ambo isisubiri. Huko, protini kwenye mkojo hupimwa kwa kijiti kinachochovywa tu, na rangi yake hujibu katika dakika moja au mbili.